Mapokezi Amekaa Mama Mkwe

Wiki jana mliniacha chooni, kwenye uwanja wa barafu, mlango nimeukomea, natazama kitu ambacho mtu hapendi kukitazama mara mbili. Msiwe na wasiwasi, nilitoka. Si mzima, lakini nilitoka.

Kwa aliyeukuta mkasa huu katikati: naitwa Myron Stadnyk, mtengeneza barafu wa mji wa Zoria, Manitoba, huku Kanada. Vijana wakimaliza kucheza mpira wa magongo, mimi ndiye napita na mashine kubwa kuirudisha barafu ing'ae. Tangu vuli natoka damu nikienda haja kubwa. Sijamwambia mtu yeyote mwenye uso. Nimeiambia simu.

Simu ilisema ni bawasiri, nikala mbegu za kitani mpaka nikajiona farasi. Simu ikasema ni mawazo, nikajifunza kupumua. Kisha kwenye jukwaa moja la mtandaoni, la watu wasiojuana, mtu akaniuliza swali la maana: "Umekula bitiruti?"

Nilicheka peke yangu. Kumuuliza mtu wa Zoria kama amekula bitiruti! Mababu zetu walitoka Ukraine na mbegu zake mfukoni. Supu yake nyekundu, borshi, tunainywa Jumapili hadi Jumapili, na hakuna mtoto wa mji huu ambaye hajawahi kuona choo kimekuwa chekundu, akapiga kelele, akaambiwa na bibi yake, "Ni borshi hiyo, vuta maji uende shule."

Basi nikavuta maji. Vuli nzima nimevuta maji.

Mwishowe nikaiacha borshi kimyakimya ili nijue. Bibi yangu akinijazia kopo, nalimwaga nyuma ya banda la mashine, theluji ya pale ikawa kama pamechinjwa mbuzi. Nilikaa bila bitiruti hata tone, mpaka mwili ukawa hauna tena kisingizio. Na ile siku mliyoniacha chooni, rangi ilikuwa ileile.

Mhariri ameniletea barua zenu. Dada mmoja ameandika, "Kaka, huna akili? Mficha maradhi kilio humuumbua." Naijua methali hiyo, dada yangu. Aliyeitunga hakuwa na mama mkwe mapokezi.

Zoria ina kliniki moja. Ina daktari siku anazopatikana, na ina Bi. Stefa siku zote. Bi. Stefa Prokopchuk amekuwa karani wa pale tangu mimi ni wa nepi. Ndiye pia aliyemzaa Lesia, mchumba wangu, ninayetarajia kumuoa Juni.

Ukifika unasimama mbele ya kioo chake, na kabla hujamwona daktari anakuuliza sababu ya kuja. Anauliza kwa sauti. Nilikuwepo siku alipomuuliza Mzee Metro, fundi seremala mstaafu: "METRO! NI ILE KUWASHA TENA?" Watu wote wakainua vichwa kutoka kwenye magazeti yao.

Sasa mimi nisimame pale, nimwambie mwanamke nitakayemwita mama maisha yangu yote kwamba mkwewe anatoka damu nyuma? Na hospitali nyingine iko mbali, na ukifika wanakuuliza aliyekutuma nani, halafu wanapiga simu kliniki ya kwenu. Anaipokea nani? Bi. Stefa.

Simu haikunji uso. Simu haitakaa mezani siku ya harusi yako ikikutazama unavyokata keki. Ndiyo sababu, ndugu zangu, wala si ujinga. Nilikuwa nimechoka pia. Nikipanda kwenye mashine nahema kama mzee, na mtu aliyechoka hutafuta jibu asilolazimika kuvaa viatu kulifuata.

Basi ikafika Januari.

Mkesha wetu wa Krismasi, sisi wa kalenda ya zamani, huja wakati Wakanada wengine wameshatupa miti yao barabarani. Nilialikwa kwa akina Lesia. Nyota ya kwanza ilipoonekana, tukaketi: vyakula kumi na viwili bila nyama, majani makavu chini ya kitambaa cha meza, kiti kimoja kitupu kwa ajili ya wafu. Sheria ni moja. Kila chakula lazima ukionje, na ukikiruka kimoja umeukaribisha msiba.

Cha kwanza kilikuwa ngano kwa asali. Cha pili borshi.

"Kristo amezaliwa!" alisema Mzee Petro, baba yake Lesia.

"Mtukuzeni!" tukaitika.

Bakuli likawekwa mbele yangu, jekundu, linafuka moshi. Mimi najijua. Nikinywa kijiko kimoja tu, kesho nimepata kisingizio, nitavuta maji tena, na mwaka utakwisha hivyo. Nikaacha kijiko mezani.

"Bwana harusi," Mzee Petro akasema, "mbona bakuli linakuogopesha? Lina meno?"

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba! Umekula ngano kijiko kimoja. Ndege wa dirishani anakushinda."

Lesia akaninong'oneza, "Onja, Myron. Kijiko kimoja. Mama amesimama jikoni tangu jana."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mwaka ule jirani yetu Orest aliruka samaki," Mzee Petro alisema, "trekta likamlalia mguu. Mimi nasema tu."

Bi. Stefa alinitazama vile anavyotazama watu nyuma ya kile kioo chake.

Mara simu yangu ikatetemeka mfukoni. Watu wa jukwaani hawana Krismasi.

"Ni yeye?" Lesia aliuliza, safari hii kwa sauti.

"Yeye nani?"

"Huyo unayemwandikia ukiwa bandani. Juzi nimekuletea soksi uwanjani, nikakukuta umeinamia simu, uliponiona ukaruka kama nimekumwagia maji ya moto."

"Mambo ya kazi hayo."

"Kazi ya barafu! Barafu inakuandikia? Barafu inakuuliza umelalaje?"

"Lesia, mwanangu, leo ni mkesha," Mzee Petro alisema.

"Baba, niache. Myron, nipe simu."

Simu ilikuwa mkononi mwangu tayari. Ningempa, yangeisha. Angesoma maswali yangu yote, kila rangi, kila picha niliyowahi kuituma kwa watu nisiowajua. Angesoma akiwa mezani, mbele ya baba yake, na uma mkononi.

"Hapana," nikasema.

Lesia aliivua pete yake. Sikudhani ingetoka kirahisi vile. Akaitumbukiza kwenye bakuli langu la borshi.

"Ukiitaka," akasema, "itabidi ule."

Nikanyanyuka nikatoka nje bila koti. Baridi ya Manitoba ya Januari haina utani, inakushika pua kabla hujafunga mlango. Nilisimama barazani natetemeka, nikajisemea kwamba sasa nimemaliza vyote, mwili na mke.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Bi. Stefa, ameshika koti langu.

"Vaa. Utakufa kabla hujasema."

"Mama, naapa hakuna mwanamke mwingine."

"Najua. Mwanamume akipata wa pili hunenepa. Wewe unaisha." Akanifunga vifungo mwenyewe kama mtoto wa chekechea. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichoshe, Myron, leo nimepika vyakula kumi na viwili. Tangu lini unatoka damu?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kukimbia.

"Nani kakwambia?"

"Midomo yako imekuwa myeupe. Na maisha yangu yote nimemwona mwanamume mmoja tu wa Zoria akilikwepa bakuli la borshi namna ile, ili ajue damu ni yake au ni ya supu." Akaniinulia kola ya koti. "Baba yako."

Hapa lazima niwakumbushe, maana niliwagusia mwanzoni mwa mkasa. Baba yangu, Zenon, alifariki mimi bado mtoto. Ini, walisema. Pombe. Nimekua naitwa mtoto wa mlevi, nimepigana shuleni kwa ajili ya hilo, na mpaka leo sinywi hata bia ya harusini. Kusema kweli nilimchukia.

"Baba alikuwa mlevi," nikasema. "Mji mzima unajua."

"Mji mzima unajua alichotaka ujue. Ulikuwa utumbo, mwanangu. Saratani. Ile chupa aliyokuwa akiitembeza garini, hakuwa anainywa. Alitaka watu waione."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walevi Zoria yetu inao wengi. Aliona afadhali aitwe mlevi kuliko watu wazungumze habari za makalio yake kanisani." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Alikuja kliniki kwa miguu yake mara moja. Nikamuuliza sababu ya kuja. Akasema kidole kinamuuma. Akageuka akaenda zake. Aliporudi alikuwa amebebwa."

Nililia, sifichi. Nilimlilia mtu niliyemtukana kaburini miaka yote, kumbe kosa lake lilikuwa aibu, aibu ileile iliyonishika mimi shingoni.

Kisha nikapandwa na hasira, maana hasira ni nyepesi kuibeba kuliko huzuni.

"Na wewe ulijua! Ukaninyamazia!"

"Aliniapisha. Na kazi yangu ni kunyamaza. Leo nimeivunja, Mungu na serikali wanisamehe."

"Kunyamaza? Wewe? Si wewe unayemuuliza Mzee Metro habari za kuwasha kwake mpaka watu wa barabarani wanasikia?"

"Metro ni kiziwi, mjinga wewe! Nikimnong'oneza, atanisikia lini?"

Tulitazamana. Naapa nilikaribia kucheka, na yeye pia.

"Kesho ni Krismasi yetu, si ya serikali," akasema. "Kliniki ipo wazi na daktari yupo. Uje wa kwanza."

"Na Lesia?"

"Lesia ni wako wa kumwambia. Mtu akisema kwa karani, hayaendi jikoni. Mimi simwambii."

Niliondoka bila kuaga, pete nikaiacha kwenye bakuli.

Asubuhi nilisimama mbele ya kile kioo. Nyuma yangu viti vilikuwa vimeanza kujaa. Bi. Stefa aliniuliza sababu ya kuja kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, nikamjibu, akaandika, wala hakuinua macho. Vuli nzima nilikuwa nimekimbia jambo lililochukua muda wa kupiga chafya.

Daktari alikuwa binti wa rika langu, anaitwa Sabharwal, anakuja kwetu kwa zamu.

"Mbona umechelewa hivi?" aliuliza.

"Nilidhani ni borshi."

Hakucheka. Huenda hapa Zoria mimi si wa kwanza kumwambia hivyo. Akavaa glovu, akaniambia nilale ubavu, na mambo mengine ya pale nayaacha palepale. Ila nilikuwa nautazama uso wake kwenye kioo cha kabati la dawa, na nikauona umesimama.

"Kuna kitu," akasema. "Sijui ni nini. Na nakuomba usiiulize simu ni nini, nayo haijui."

"Kibaya?"

"Lazima hospitali ya Winnipeg wapitishe kamera utumboni waone. Kwa foleni ya kawaida utasubiri mpaka baada ya harusi yako." Akavua glovu. "Kwenye ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua utumbo?"

Jana asubuhi ningemjibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa.

"Baba yangu," nikasema. "Alikufa nao."

Kalamu yake ikaanza kukimbia. "Basi hilo ndilo litakalokupitisha mbele ya wengine. Ahsante kwa kunieleza."

Nikarudi mapokezi. Bi. Stefa alikuwa ameshapiga simu Winnipeg, anabembeleza, anatishia, anabembeleza tena. Sijawahi kumsikia mtu akinipigania vile. Ghafla akafunika simu kwa kiganja.

"Mtu ameghairi. Nafasi ni keshokutwa."

"Nitaenda. Hata sasa hivi nitaenda."

"Ngoja. Watakupa dawa ya kukulaza, kwa hiyo hawakuruhusu kutoka bila mtu wa kukuchukua. Wasipopata jina hawaandiki nafasi. Niandike nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Na hapa akae nani? Na hata ningepata wa kukaa, nisingekubali. Taja mtu, Myron."

Nikafikiri. Mama yangu aliolewa tena, yuko British Columbia. Bibi yangu haoni hata ncha ya pua yake, sembuse barabara yenye theluji. Vijana wa timu, ningewaambia nini? Jukwaani kulikuwa na mamia ya watu wanaojua rangi ya damu yangu kuliko ninavyoijua mimi, na hakuna hata mmoja wa kunirudisha nyumbani.

Nikampigia Lesia, palepale, watu wote wakinitazama.

"Ukiuliza pete," alisema, "iko kwenye friji. Baba amefunika bakuli kwa sahani, anasema hamwagi chakula cha mkesha."

"Lesia, hakuna mwanamke. Ninaumwa."

Nikamweleza. Nilianza kwa kunong'ona, nikaona haina maana, nikasema kama watu wanavyosema. Damu. Tangu vuli. Baba. Kitu alichokigusa daktari. Mama mmoja kwenye kiti akaweka gazeti chini. Hakuna aliyecheka.

Lesia akauliza:

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari. Na mama yako."

"Mama? Tangu lini?"

"Tangu jana barazani."

"Asubuhi hii amenimiminia chai, akanitazama machoni, akaniambia nivae vizuri kuna baridi." Nikasikia anavuta pumzi. "Na huyo uliyekuwa unamwandikia?"

"Si mmoja. Ni watu tu, wa mtandaoni. Nilikuwa nawauliza."

"Unawajua majina?"

"Hapana."

"Kwa hiyo watu usiowajua majina walijua tangu vuli. Mama yangu amejua jana. Mimi unayetaka kunioa nimejua wa mwisho, tena kwa sababu unatafuta dereva."

"Niliona aibu, Lesia."

"Aibu kwangu? Myron, ulitaka kuniletea ndoani mwili upi? Ule wa kwenye picha za uchumba?"

Vuli nzima nimeuliza maswali, hilo moja sikuwahi kuliuliza popote.

"Lesia," nikasema.

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Niligeuka. Bi. Stefa alikuwa bado amefunika simu kwa kiganja, kidole kimeanza kuwa cheupe kwa kukandamiza. Alisikia upande wangu wote, na wa upande wa pili ni mwanawe, anamjua kuliko mimi.

"Winnipeg wanasubiri," akasema polepole. "Wana mgonjwa mwingine anayeitaka nafasi hiyohiyo. Niandike nani, mwanangu?"

"Andika Lesia."

Alishika kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina la binti yake, kalamu ikasimama.

"Amekubali?"

Ndani ya simu, mtu wa Winnipeg alikuwa anaita halo, halo.